Bibi Aliyekuwa Akituwahi Kusalimia

Banda langu la gemu lilikuwa nyuma ya soko la Kibondo, kati ya fundi baiskeli na mama mmoja muuza dagaa. Lilikuwa la mabati pande zote, na mlango wake ulikuwa blanketi la kijivu lililopigiliwa misumari kwa juu. Ukiingia saa nane mchana ulilazimika kusimama kwanza, kwa sababu ukitoka juani ulikuwa huoni kitu. Halafu zinaanza kutokea nyuso. Nyuso za bluu, zote zimeelekea upande mmoja, hakuna inayokutazama. Mimi ndiye mwenye banda, na bado siku nyingine nilikuwa nashtuka.

Haya nayatoa kwenye daftari nililokuwa nikiandika mwaka 2013. Sikusoma sana, niliishia kidato cha pili. Kuna kurasa nimeandika jambo na chini yake nimeandika "sina hakika". Hizo nazo nitazisema zilivyo.

Mashine aliileta mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori. Aliinunua Kasulu kwa mwenye duka mmoja pamoja na runinga na sidii tatu. Mbili zilikuwa za mpira. Ya tatu ilikuwa gemu jipya la kupigana, na hiyo ndiyo iliyojaza mabenchi yangu.

Wapiganaji walikuwa wengi, wamepangwa safu kwa safu kama picha za wagombea. Majina yao yaliandikwa kwa herufi za mapambo ambazo hata mwalimu wetu mmoja, aliyepangiwa kazi huku akitokea Tanga, alizisoma kwa kukunja uso. Tukawapa majina yetu. Yule wa miwani na fimbo akawa Mwalimu wa Zamu. Wa buti na kofia pana akawa Bwana Shamba. Msichana mwembamba anayewakamua watu kama nguo mbichi akawa Dobi. Vijana waliwapenda na kuwachukia kama majirani. Bwana Shamba alichukiwa kwa kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Dobi alikuwa kipenzi cha waendesha bodaboda, na wauza mitumba wakasema waliomtengeneza wamempendelea. Nimesikia watu wenye wake na watoto wakibishana nusu saa nzima kama Mwalimu wa Zamu ni mtu wa haki au mwonevu tu.

"Haki gani? Anasubiri mpaka upumue ndiyo anakuchapa!"

"Sasa mwanangu, wewe katikati ya vita unapumua nini?"

Banda zima likacheka.

Na kulikuwa na bibi. Yeye alikuwa wa mwisho kwenye safu ya chini. Mgongo umepinda, vazi refu rangi ya majivu, kitambaa cha kichwani kimeshuka mpaka kwenye nyusi, kwa hiyo uso huuoni vizuri. Hakushika silaha. Kila mpiganaji alikuwa na kitu anachofanya kabla pambano halijaanza. Dobi alinyoosha shingo, Bwana Shamba alitema mate. Bibi aliinama kidogo, akakusanya viganja kama mtu anayekinga maji, akapiga makofi matatu ya taratibu. Pa. Pa. Pa. Kisha akatulia anakutazama.

Mtu wa mbali anaweza asione kitu hapo. Lakini kwetu Buha mtu mzima akikupigia viganja namna hiyo anakusalimia, na wewe unamjibu kwa viganja vyako. Hufikirii, mikono inakwenda yenyewe. Basi kijana wa kwanza kukutana naye, muuza mitumba, alipoona yale makofi aliweka pedi ya kuchezea mapajani, akainama, akajibu makofi matatu. Alipoiokota pedi alikuwa amekwisha kulazwa chini.

Tulicheka mpaka fundi baiskeli akaja kuchungulia. Wa pili akasema yeye hawezi kufanya ujinga kama huo. Akafanya vilevile. Wa tatu aliishika pedi kwa nguvu, makofi yalipopigwa ikamponyoka. Hata mimi niliyekuwa nimesimama nyuma na birika la chai, nilijikuta nimelitua chini.

Ndipo nikasema kwa sauti, "Jamani, si ndiye yule bibi wa barabara ya Busunzu! Kawawahi wote!"

Ni mimi niliyesema. Baadaye watu wawili walidai jina hilo ni lao, lakini daftari linasema ni langu, na nakumbuka nilivyofurahi walipocheka.

Bibi mwenyewe aliishi peke yake kwenye nyumba ya tofali mbichi, kando ya barabara ya kutoka mjini kwenda Busunzu. Watoto wake walikuwa wamehamia Gwarama. Siku za soko alikuja mjini na ungo wa maharage kichwani. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumsalimia mkubwa, lakini yeye jambo hilo alikuwa ameligeuza. Akikuona kwa mbali, hata uwe mtoto wa miaka mitano, anatua ungo, anainama, makofi matatu, "Mwakeye!" Wewe hujafungua hata mdomo. Halafu anacheka kwa kuwa amekuwahi. Ulikuwa mchezo wake. Watoto walijificha nyuma ya migomba ili siku moja wamwahi wao, na bado aliwawahi. Sikumbuki kama kuna mtu mjini ambaye hakumpenda kwa ajili hiyo.

Jina likashika. Kwa wiki kadhaa Bibi wa Busunzu alikuwa kichekesho cha banda. Watu walileta wageni makusudi, wanamkalisha mgeni mbele, hawamwambii kitu, wanangoja mikono imtoke. Kisha kicheko kikaanza kupungua. Siwezi kutaja siku.

Kwanza walisema makofi yake hayatoki kwenye runinga, yanatoka nyuma, mlangoni. Hilo lilikuwa kweli, na sababu yake niliijua. Spika ya runinga ilikuwa imekufa, nikafunga nyingine kwa waya juu ya blanketi. Niliwaonyesha. Wakaitazama, wakasema sawa dada, tumeona. Kesho yake makofi yalipolia wote waligeuka kutazama mlango. Hata mimi niliyeifunga ile spika nilikuwa nageuka.

Halafu ikaja kanuni ambayo hakuna aliyeitunga. Kumpiga bibi kabla hajamaliza salamu ikawa mwiko. Unamjibu kwanza, unachukua pedi, unapigwa, unampisha mwenzako. Mgeni akikaa alinong'onezwa, "Mjibu kwanza." Na waliosimama nyuma nao walijibu. Mama muuza dagaa aliniuliza siku moja, bila utani, "Hivi humo ndani kila siku mnamsalimia nani?"

Nilimwambia ni gemu tu. Akasema, "Sauti yake ni kama mna mgeni."

Mchezaji aliyekuwa mkali kuliko wote alikuwa kijana mmoja wa bodaboda. Mdomo mwingi, lakini moyo mzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyompata. Siku hiyo alikaa mbele, akamchukua Dobi, akapangiwa bibi.

"Leo mtaona," akasema. "Mimi sisalimii katuni."

Kofi la kwanza. Kofi la pili. La tatu halikulia, kwa sababu Dobi alikuwa amekwisha kumshika shingo. Akamkamua, akamtupa, raundi mbili mfululizo. Hakuna aliyewahi kumshinda bibi kabla ya hapo, na tungetegemea kelele za kupasua mabati. Haikutoka hata sauti moja.

"Oya, mbona mmekaa kama msibani? Nimemchapa!"

Muuza mitumba akasema taratibu, "Hujamwacha amalize."

Asubuhi iliyofuata kijana huyo alipita barabara ya Busunzu akiwa na abiria. Bibi mwenyewe, yule wa kweli, akatua ungo, akainama, akampigia viganja. Kijana hakujibu, akampigia honi akapita. Aliniambia mwenyewe kwamba abiria alikuwa anakimbilia basi la Kasulu, na mtu mwenye pikipiki mkononi anajibuje kwa makofi? Naona ana haki. Lakini watu walimwona.

Siku ya tatu aliamka mkono wa kulia umekufa ganzi kuanzia begani. Haushiki kitu. Nesi alimwambia ni mshipa umebanwa, autulize, utarudi baada ya wiki kadhaa. Na siku mbili kabla alikuwa ametoka Kasulu na mzigo wa sabuni kwenye ile barabara ya mashimo, mikono imeng'ang'ania usukani tangu asubuhi. Yote hayo niliyaandika. Mtaani walikuwa na maneno mafupi zaidi: "Alimkatiza makofi."

Hawakuwa wakisema bibi yupi. Sidhani kama wao wenyewe walijua.

Watoto waliacha kujificha nyuma ya migomba. Walikuwa wanakimbia. Siku moja ya soko nilikuwa nimekaa mbele ya banda namenya viazi, nikamwona bibi anatokea na ungo wake. Jirani yangu alikuwa anamjia. Bibi akatua, akainama, pa, pa, pa, "Mwakeye!" Jirani akapita macho yapo chini. Alipofika mbele kidogo akageuka kutazama, akaongeza mwendo. Bibi akabaki pale pale, viganja vimekutana, vimekinga. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa mbali, na mikono yangu ilikuwa na kisu na kiazi. Sikumjibu na mimi. Nimejaribu kukumbuka kama alinitazama. Sina hakika.

Jioni yake nikasikia wajomba wa yule kijana wamepanga kumleta mtu kutoka kijiji kimoja upande wa Kasulu, wa kutafuta wachawi. Angefika baada ya soko lijalo. Sisi wa huku tunajua mtu huyo akinyoosha kidole kinachofuata ni nini. Nyumba inabomolewa mchana watu wakitazama, na mwenye nyumba akipata bahati anaondoka na ungo wake kichwani. Bibi alikuwa na siku saba.

Nilimweleza mwalimu wa Tanga, kwa kuwa ndiye aliyesoma.

"Dada yangu, hilo ni gemu," akasema. "Limetengenezwa na watu wasiojua hata Kibondo iko wapi."

"Najua, mwalimu."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Mimi ndiye niliyempa jina."

Akasema basi liondoe gemu lenyewe, jina litasahaulika. Nikalitoa, nikaificha sidii kwenye ndoo ya unga. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika stendi: mwenye banda amemficha bibi. Mtu akificha kitu, watu wanajua kuna kitu. Nikaitoa, nikaipangusa unga, nikairudisha. Mwalimu alipoingia siku hiyo na makofi yakalia, nilimtazama mikono. Alijibu.

Kesho yake nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta anapepeta. Hakuniwahi. Nilimsalimia mimi, akaitikia bila kunyanyua macho, na hapo ndipo nilipojua amekwisha kuelewa. Nikamweleza yote, kwa Kiswahili na Kiha kimechanganyika: kwamba kuna runinga, ndani yake kuna mwanamke mzee, anapiga viganja kama yeye, na mimi kwa kuchekesha watu nikasema ndiye yeye. Nikamweleza na habari ya mtu wa Kasulu.

Alipepeta mpaka akamaliza.

"Anawawahi?"

"Anawawahi, bibi."

"Wote?"

"Wote."

"Ego," akaitikia. "Basi nimwone."

Alikuja siku ya soko, asubuhi, na ungo wake. Nilikuwa nimemwomba kijana wa bodaboda aje, akaja, mkono umefungwa kwa kanga. Banda lilijaa mpaka wengine wakasimama nje wameinua blanketi, na bado kwenye benchi la mbele bibi alikaa peke yake. Mjomba mmoja wa kijana alikuwepo pia. Alisimama ameegemea mabati, mikono kifuani.

Hakuna aliyetaka kushika pedi. Nikaishika mimi. Nikamchagua Dobi, nikamweka bibi wa gemu achezwe na mashine yenyewe.

Akatokea. Akainama. Makofi yakalia nyuma yetu, na watu wote isipokuwa bibi wakageuka mlangoni. Bibi alikuwa amesimama. Aliinama mbele ya runinga, migongo miwili iliyopinda imeelekeana, akakusanya viganja, pa, pa, pa. "Mwakeye." Aliisema kwa upole, kama unavyomwambia mtu aliyetoka safari.

Mimi sikubonyeza kitu. Na yule wa kwenye runinga naye hakufanya kitu. Ukimwacha mpinzani wa mashine bila kumgusa, huwa anakurukia papo hapo, nilikuwa nimeliona hilo kila siku. Huyu alisimama. Saa ya pambano juu ya kioo ilikuwa inashuka, tisini, themanini, sabini. Jenereta lilikuwa linanguruma nje na ndani nilikuwa nasikia pumzi za watu. Arobaini. Ishirini. Ikafika sifuri wote wawili wazima, likatokea neno ambalo mwalimu alisema maana yake ni sare.

Lazima niseme kwamba mashine ile iliwahi kuganda mara mbili kabla ya siku hiyo. Lakini ikiganda saa nayo inaganda, na siku hiyo saa ilitembea. Naacha hapo.

Bibi akageuka kututazama.

"Mtu mzima, ana adabu," akasema. "Nani hakumjibu?"

Macho yote yakamwendea kijana wa bodaboda. Bibi hakungoja jibu. Akaenda mbele yake, akainama, akampigia yeye makofi matatu. Kijana akautazama mkono wake ndani ya kanga. Akaanza kupiga paja kwa mkono wa kushoto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mwakeye, bibi."

"Huo ni mkono mmoja tu," bibi akasema. Akafungua kanga, akautoa ule mkono uliokufa, akauweka kiganja kwa kiganja na wake, akaupiga mara tatu. "Sasa umejibu."

Mtu mmoja nyuma akajibu kwa makofi, akafuata mwingine, kisha banda zima, mpaka walioko nje. Mjomba alikuwa wa mwisho, lakini alikunjua mikono, akajibu.

Mtu wa Kasulu hakuletwa. Mkono wa kijana ulirudi baada ya wiki tano, kama nesi alivyosema, au kama ulivyokuwa urudi. Nyumba ya bibi haikuguswa. Kwenye daftari niliandika neno moja, "Imekwisha," nikalipigia mstari.

Nililiandika mapema. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyempita bibi bila salamu. Akitokea tu kwenye kona ya barabara na ungo wake, watu wanasimama, wanainama, wanampigia viganja, wa upande huu na wa upande ule, haraka haraka, kabla hajawakaribia. Watoto nao. Barabara nzima ilikuwa inalia makofi, na yeye anapita katikati anaitikia. Mimi nilidhani ni heshima. Inawezekana ilikuwa heshima kwa baadhi yao, siwezi kusema moyo wa kila mtu.

Mwaka uliofuata nilifunga banda, kwa kuwa mume wangu alihamishiwa njia nyingine na sisi tukaenda kuishi Kasulu. Siku chache kabla ya kuondoka nilimpelekea bibi kilo ya sukari. Alikaa nje kwenye kigoda, amezeeka kupita ule mwaka mmoja uliokuwa umepita.

"Mwana wanje," akaniambia, "siku hizi wananiwahi. Wote. Hata vile vitoto. Sina hata mmoja ninayemwahi."

Akaniangalia mikono. Na mimi nikaiangalia. Nilikuwa nimekusanya viganja juu ya sukari tangu kwenye migomba, tayari kumwahi, bila kujua.

Nikaishusha. Nikakaa chini, nikaiweka mapajani, sukari katikati. Nikageuza uso kutazama barabara, kama mtoto ambaye hajaona mtu. Sitadanganya, niliogopa. Nyuma yangu kigoda kililia, nikasikia anasimama kwa taabu yake. Nikakaa hivyo hivyo.

Pa.

Vidole vyangu vilitaka kuinuka, nikavikalia.

Pa.

Kisha kimya, kirefu kuliko kile cha kwenye gemu, nikawa nasikia pumzi yake tu. Nilisubiri. Lilipolia la tatu akaanza kucheka, na mimi nikageuka nikamjibu.